Sura ya Tatu: Sakafu Kwanza

Tulihamia Chanika mtoto akiwa na miezi minne. Ilikuwa boma lililoezekwa tu. Kuta zilikuwa tofali tupu, madirisha mawili yalikuwa na grili bila nyavu wala vioo, mengine tuliyaziba kwa mabati. Chini, ukiacha chumba kimoja kilichomwagwa jamvi, kulikuwa na kifusi kilichoshindiliwa na mchanga juu yake. Tulihamia kwa sababu ile ile inayowahamisha watu wengi wa Dar es Salaam: kodi ya miezi sita ilikuwa imefika, mwenye nyumba ameongeza, tukapiga hesabu tukaona hela hiyo hiyo inanunua saruji na kumlipa fundi.

Jiji hili linajengwa hivyo. Mtu ananunua kiwanja, anaweka msingi kwa hela ya mchezo, anapumzika mwaka, anapandisha boma kwa mkopo wa kikoba, anasubiri tena, anaezeka, kisha siku moja kodi inamsukuma anahamia. Na watoto nao wanazaliwa humo humo katikati, hawangoji nyumba iishe. Ndiyo maana watoto wengi wa Chanika, Kivule, Goba, Bunju na Kigamboni wanajifunza kukaa, kutambaa na kusimama dede ndani ya nyumba ambayo ujenzi bado unaendelea. Nesi wa kliniki anakuelekeza kunyonyesha, chanjo na uji. Fundi anakuelekeza lenta na kenchi. Lakini ukiwa na mifuko minne ya saruji na mtoto wa miezi minne, uanze na kipi, hilo unaachiwa mwenyewe. Sura hii naiandika kwa ajili ya mzazi aliye hapo.

Wiki ya pili akaja mama mkwe kutoka Korogwe. Alikuwa ameshakuja mara ya kwanza kumkanda binti yake siku arobaini, wakati bado tumepanga Tabata. Safari hii alikuja kukaa, kwa sababu likizo ya mama mtoto ilikuwa imekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua pacha, na baba siku 3. Mimi siku zangu tatu zilikwisha hata kitovu hakijadondoka.

Nilimzungusha mama mkwe uwanja mzima. Nikamwonyesha nguzo mbili za zege barabarani, nikamweleza geti litakavyokuwa, la milango miwili, na kwamba mchomeleaji ameshachukua vipimo na hela iko tayari kwenye simu. Nikamweleza na dari ya jipsamu ya sebuleni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Tulipoingia chumbani alikaa kwenye mkeka, akamlaza mjukuu wake kifudifudi. Mtoto alikuwa ameanza kujiinua kwa mikono. Kiganja kikatoka nje ya mkeka, kikakwangua jamvi, kikapeleka mdomoni chembe za zege na mchanga. Bibi akamtia kidole kidogo mdomoni, akamtoa chembe moja moja, akazipanga kwenye kiganja chake, akanionyesha.

"Baba, huyu miezi mitatu, minne ijayo anatambaa. Atatambaa wapi?"

"Mama, sakafu ipo kwenye mpango. Inakuja baada ya geti na dari."

"Geti litasubiri. Huyu hasubiri."

Jioni ile nilikaa nje kwenye rundo la tofali nikaipitia upya orodha yangu. Niliona kwamba vitu vyote vya juu kwenye orodha vilikuwa vya mgeni: geti analoliona akifika, dari anayoitazama akiketi, marumaru za kibarazani anazozikanyaga akivua viatu. Mtoto wangu hakuwa na kitu hata kimoja mle. Yeye maisha yake yote yalikuwa chini ya goti langu, na chini ya goti langu hapakuwa pamefanywa lolote.

Baadaye nilisoma habari ya sakafu za Meksiko, na tangu hapo naisimulia kwa kila anayejenga. Mwaka 2000 serikali ya jimbo la Coahuila ilianzisha mpango ulioitwa Piso Firme, yaani sakafu imara. Familia zilizoishi juu ya sakafu ya udongo zilipewa zege bure, hadi mita za mraba 50 kwa nyumba. Familia ilitoa vyombo nje na kusawazisha chini, gari la zege likaja, likamimina. Gharama ya kila nyumba ilikuwa kama dola 150 za Marekani. Miaka michache baadaye kundi la watafiti, wakiwemo Sebastián Galiani na Paul Gertler, liliwalinganisha watoto wa Torreón, mji uliopata mpango huo, na watoto wa Gómez Palacio na Lerdo, miji inayopakana nao lakini iko jimbo jingine ambako mpango haukufika. Walichapisha matokeo mwaka 2009. Nyumba ikitoka kwenye udongo mtupu ikawa na saruji kila chumba, vimelea vya tumboni kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi hata kwenye vipimo vya lugha na uelewa. Na mama zao waliridhika zaidi na maisha, dalili za sonona na msongo zikapungua.

Ukiifikiria njia yenyewe, huoni ajabu. Yai la mnyoo likitoka kwa mtu halina nguvu ya kuambukiza siku hiyo hiyo. Linahitaji wiki kadhaa za kukomaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Kiluwiluwi cha safura kinatoboa ngozi kikitokea udongoni. Funza naye, anayewatesa watoto wengi wa pwani na bara, anakulia kwenye vumbi na mchanga mkavu wa ndani ya nyumba. Mtu mzima anaikanyaga sakafu hiyo kwa ndala. Mtoto anayetambaa anailalia, anailamba, anaiokota na kuila. Saruji inavunja safari hiyo, na ndoo moja ya maji na kitambaa vinatosha kuisafisha. Kuhusu mama zao, sikuhitaji mtafiti. Nilikuwa nimemwona mke wangu akipangusa viganja vya mtoto mara ishirini kwa siku.

Basi geti likaahirishwa, nikamwita fundi.

Fundi wetu alikuwa mtu mzuri na mkweli, na tulibishana naye siku nzima. Yeye alitaka tukusanye hela tupige sakafu nyumba nzima kwa mkupuo. Hoja yake ilikuwa ya kweli: mchanga ukija kwa lori unakuwa nafuu kuliko wa kuokoteza, na fundi akiitwa kwa chumba kimoja anatoza zaidi kuliko chumba hicho kingekuwa ndani ya kazi kubwa. Ndivyo tunavyojenga wote, lenta nyumba nzima, kisha lipu nyumba nzima, kisha sakafu nyumba nzima. Matokeo yake familia inaishi miaka mitatu ndani ya vyumba sita visivyoisha, wala hakuna hata kimoja ambamo mtoto anaweza kuwekwa chini mama akageuka kuchukua kanga. Mimi nilitaka chumba kimoja kiishe kabisa, ukuta, sakafu, dirisha, mlango na dari, kabla hatujagusa kingine. Nilikubali kulipa zaidi kidogo, na mpaka leo naona ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote katika nyumba ile.

Chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi na mbili. Jamvi lilishakuwepo, kwa hiyo kilichotakiwa ni sakafu ya juu ya inchi moja na nusu na niru. Ilimaliza mifuko minne ya saruji ya kilo 50. Tulipiga lipu kuta kwanza, kwa sababu lipu hudondoka na kuharibu sakafu, kisha fundi akakwangua jamvi, akalisafisha kwa maji, akalinywesha uji wa saruji ili mchanganyiko mpya ushike. Aliuchanganya kwa ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne za mchanga uliochekechwa. Nilisimama mlangoni nikitazama jambo moja tu, maji. Mchanganyiko ukiwa wa maji mengi unasambaa kirahisi, kibarua anafurahi, lakini maji yakishakauka yanaacha vitundu, na saruji nyepesi inapanda juu na kuwa unga. Ule wa fundi wetu ulikuwa mkavu kiasi cha kufinyangika mkononi usimwagike. Akauvuta kwa rula, akaupima kwa pima maji, akauachia kidogo, kisha akanyunyiza saruji na kuisugua kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu ikang'aa kama mgongo wa chungu.

Kinachofuata ndicho watu wengi wanachokiruka. Saruji haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kunywa maji, na ikinyimwa maji inabaki dhaifu. Tulitandika magunia, tukayamwagilia asubuhi na jioni siku saba, na hatukurudisha kitanda wala kabati mpaka wiki ya nne ilipoisha, kwa sababu nguvu ya saruji huhesabiwa kwa siku 28. Siku hizo zote tulilala chumba cha pili, kwenye mchanga uliotandikwa turubai na mikeka miwili. Mtoto hakuingizwa mle hata kuonyeshwa. Saruji mbichi ni kali, inaunguza ngozi polepole bila maumivu ya haraka, na kiganja cha mtoto hakina sugu ya fundi. Nawa mikono yako kabla ya kumbeba, na nguo ulizofanyia kazi ziachwe nje.

Unajuaje sakafu imetoka vizuri? Bibi alichukua kanga nyeusi iliyokauka akaisugua kwa nguvu pembeni mwa ukuta, akaikunjua. Haikuwa na unga. Sakafu ikitoa unga wa kijivu kwenye kanga, itatoa unga huo kila siku, na atakayeuvuta puani ni huyo anayetambaa. Hapo rudi kwa fundi kabla hujammalizia hela.

Niseme na kuhusu marumaru, maana najua zinapendwa. Ni nzuri, zinasafishika. Lakini zikilowa zinateleza, na mtoto anayesimama dede anaanguka chali. Pia kuzikata kwa grenda kunatoa vumbi laini la mchanga ambalo mapafu hayawezi kulitoa. Kama lazima, zikatwe nje, zikiwa zimeloweshwa, upepo ukielekea mbali na nyumba, mtoto akiwa kwa jirani. Kwa chumba cha kwanza niru na mkeka vinatosha kabisa.

Baada ya sakafu nilitaka kurudi kwenye jipsamu. Mke wangu ndiye aliyenizuia, na alinizuia kwa kunionyesha ukuta. Usiku mmoja alizima taa, akamulika tochi juu, pale ukuta unapoishia na bati linapoanzia. Ule uwazi wa kiganja kimoja ulizunguka chumba chote. "Madirisha umeweka wavu," akasema, "na huku juu je?"

Alikuwa amegusa penyewe. Mbu wa Anopheles gambiae, anayebeba malaria sehemu kubwa ya Afrika, akitaka kuingia ndani usiku hupenda kupita juu hapo kuliko dirishani. Anafika ukutani akifuata harufu ya watu, anapanda na ukuta mpaka anapopata upenyo. Huko Farafenni, nchini Gambia, watafiti walizigawa nyumba kwa bahati nasibu: nyingine zikawekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa huo uwazi wa juu, nyingine zikafungiwa dari ya wavu, nyingine zikaachwa zilivyo. Taarifa yao ya mwaka 2009 inaonyesha mbu walipungua kwa asilimia 59 kwenye nyumba zilizowekewa wavu kila mahali na kwa asilimia 47 kwenye zile za dari ya wavu. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba zilizoachwa, na asilimia 12 katika makundi yote mawili yaliyofanyiwa kazi.

Dari yao ilikuwa ya wavu. Nilipolisoma hilo nilijiona nimefunguliwa mlango. Mwaka huo huo Sheila Ogoma wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzake waliandika kuhusu Dar es Salaam yenyewe, wakaeleza kwamba watu wanazipenda nyavu za madirisha na dari ila gharama ndiyo inayowakwamisha. Basi dari si lazima iwe jipsamu. Tulinunua wavu kwa mita, fundi seremala akapiga mabanzi membamba kuzunguka chumba, wavu ukavutwa na kupigiliwa, kazi ya siku moja. Hewa ya moto ikabaki na njia ya kutokea, tofauti na kama tungeziba uwazi ule kwa tofali. Hilo ni la maana sana pwani. Chini ya bati, mwezi wa Januari, mtoto anaota harara shingoni mpaka analia usiku kucha, na chumba kilichozibwa kabisa kinamwongezea. Dirisha moja halitoshi. Tafuta upepo uingie upande huu na kutokea upande ule, pote pakiwa na wavu. Na chandarua kiendelee kufungwa kila siku hata baada ya hayo yote.

Mtwara wamekwenda mbali zaidi. Huko zilijengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa, zenye kuta zinazopitisha hewa lakini hazipitishi mbu, sakafu ya saruji, choo kisichoingiza inzi, maji ya mvua yanavunwa, na watu wanalala juu. Familia zilizipata kwa bahati nasibu, watoto wakafuatiliwa pamoja na wale wa nyumba za kawaida za vijiji vile vile. Wale wa nyumba mpya waliugua malaria na kuhara kidogo zaidi. Sidhani wengi wetu tutajenga nyumba kama ile. Lakini ukiipekua sehemu moja moja, karibu kila sehemu ina ndugu yake wa bei nafuu anayeweza kuingia Chanika.

Kuna hatari moja inayokuja kwa sababu umeboresha nyumba. Boma lenye upenyo kila mahali linasamehe jiko la mkaa. Nyumba iliyopigwa lipu, ikafungwa vioo vya alumini na dari ya jipsamu, haisamehe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Wenzetu wa Njombe na Makete, ambako baridi ni kali na mtoto mchanga anahitaji joto, wazingatie hili zaidi kuliko sisi. Siku unayofunga madirisha ya vioo ndiyo siku ya kuliondoa jiko la mkaa ndani, moja kwa moja, usiku na mchana.

Mtoto alianza kutambaa akiwa na miezi minane, na tukagundua kwamba chumba kimoja hakimtoshi. Alikuwa anafika mlangoni, anaweka viganja kwenye kizingiti, anatazama sebule ya mchanga kama mtu aliyefika ziwani. Tukaingia awamu ya pili, sebule, na hapo ndipo lilipotukuta jambo ambalo bado linanitoa jasho nikiliandika.

Ilikuwa kama saa kumi na nusu jioni. Fundi alikuwa ameshaondoka na kibarua wake. Bibi alikuwa nje anachambua mchicha, mke wangu ndiyo kwanza amerudi anavua viatu. Karibu na mlango kulikuwa na ndoo ya lita ishirini ambayo fundi alikuwa anasuuzia mwiko. Ndani yalibaki maji ya kijivu, hayafiki hata robo. Mtoto alikuwa ameanza kusimama dede kwa kushika chochote kilichosimama. Akashika ukingo wa ndoo, akajivuta, akachungulia. Kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kuliko nguvu za kiuno chake. Miguu ikanyanyuka. Hakupiga kelele, kwa sababu aliyezama uso majini hana pumzi ya kupigia kelele. Mke wangu aliona nyayo mbili tu, zimeelekea juu. Alimchomoa akiwa na kiatu kimoja mguuni.

Mtoto alikohoa, akalia, tukamsafisha macho kwa maji safi mengi kwa sababu yale yalikuwa na saruji, tukampeleka zahanati, tukaambiwa yuko salama. Sikumlaumu fundi. Hakuna aliyemwambia. Toka siku ile tulikubaliana naye kwamba kazi haijaisha mpaka ndoo zote zimefunikwa kifudifudi, pipa limewekewa kifuniko na tofali mbili juu yake, na shimo lolote lililochimbwa limefunikwa kwa ubao usiosogea. Alilishika. Mara nyingine alikuwa ananiita nije nihakikishe kabla hajavaa shati lake la kuondokea. Kama una mtoto na una ujenzi, mwambie fundi wako leo, kabla ya kumpa hela ya kesho. Na chupa za soda zilizotiwa thina au mafuta ya taa zisiingie nyumbani mwako kabisa, kwa sababu mtoto anaijua chupa ile kama ya soda. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi.

Rangi nitaieleza kwa ufupi, ingawa hatari yake si fupi. Grili zetu zilikuwa za mtumba, zimetoka kwenye nyumba iliyovunjwa, na zilikuwa na matabaka ya rangi ya mafuta ya miaka mingi, kijani juu ya njano juu ya nyekundu. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile kali kama hizo, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Mtoto anayeota meno akisimama dede dirishani anaing'ata grili, ni jambo la uhakika. Kwa hiyo usikubali rangi ya zamani ikwanguliwe kwa msasa mkavu au grenda karibu na nyumba. Ilowe kwanza, isuguliwe ikiwa mbichi, nje, juu ya turubai, na magamba yafungwe yatupwe. Unaponunua mpya soma kopo, tafuta ile iliyoandikwa kuwa haina risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni. Muuza duka akishindwa kukujibu, nenda duka la pili.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye daftari la fundi, nayo ni mgongo wa mama. Kwetu fundi hula nyumbani. Chai ya saa nne, ugali wa saa saba, maji ya kunywa, maji ya kunawa. Mwezi wa kwanza mke wangu alikuwa anaamka saa kumi usiku kunyonyesha na kukamua maziwa ya kuacha, anawachemshia mafundi chai, anakwenda kazini, anarudi kufua nguo za mtoto zilizoingia vumbi upya kwenye kamba. Mimi nilijiona ninajenga. Yeye ndiye aliyekuwa anaubeba ujenzi. Tulipobadili tukaweka hela ya chakula kwenye malipo ya fundi ili ale kwa mama ntilie, nyumba ilipoa. Mimi nikachukua kufua. Kazi za kelele tukaziweka asubuhi, mchana mtoto alale. Wanaume wenzangu, mkisoma sura hii mkabaki na jambo moja, nawaomba liwe hilo.

Sebule iliisha mwezi wa kumi na moja wa umri wake. Hatua zake za kwanza, nne, alizipigia hapo, kutoka kwenye goti la bibi mpaka kwenye mkono wangu. Jikoni kulifuata, kisha kibaraza, kisha vyumba viwili vya nyuma ambavyo kimoja bado hakina mlango.

Geti tuliliweka akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Mpaka siku hiyo uzio wetu ulikuwa michongoma, na pa kuingilia tuliegesha bati moja kuukuu. Mama mkwe alipokuja kututembelea alipita hapo hapo, akavua ndala mlangoni, akaenda moja kwa moja kukaa sakafuni na mjukuu wake.